Kabla Hujalipa, Fungua Yohana 4

Maswali ya wasomaji: tafsiri za vitabu vitakatifu na vya kale

Maswali ya sarufi yatasubiri toleo lijalo. Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: msomaji amesimama mbele ya rafu, tafsiri ziko mbili au tatu, muuzaji anamwambia zote ni sawa. Si sawa.

Mimi ni askari. Jumatano jioni tuna kikundi cha kusoma Biblia, watu kama 20 wa makabila mbalimbali, na Kiswahili ndicho kinatuunganisha. Nina ile ya Union niliyoachiwa na mzee wangu. Vijana wanasema hawaielewi, wanataka Habari Njema. Mmoja anapinga, anasema hiyo mpya wamebadilisha Neno. Nani yuko sahihi? – Afande, Bombo

Afande, kila mmoja ameshika upande wake wa kweli. Biblia yako, Union Version, ilitoka mwaka 1952, na Agano Jipya lake lilitangulia 1950. Imeitwa Union kwa sababu iliunganisha pande mbili: Unguja ilikuwa na Biblia yake ya 1891, Mombasa ikawa na yake ya 1914, na msomaji wa bara akabaki katikati. Watafsiri wa Union walikaa karibu sana na mpangilio wa maneno ya Kiebrania na Kigiriki. Habari Njema, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990, ilishika njia nyingine: sentensi ifahamike kwanza, kisha isemwe kama mtu wa leo angeisema. Kwa hiyo mbili hizo hazikosani juu ya Neno. Zimekosana juu ya nani abebe mzigo, mtafsiri au msomaji.

Utaona tofauti katika Marko 15:33. Union inasema: "Na ilipokuwa saa sita, palikuwa na giza juu ya nchi yote, hata saa tisa." Kijana wako akisikia "nchi yote" anafikiria Uganda na mipaka yake, kumbe Kiswahili cha wakati ule kilisema "nchi" kwa maana ya ardhi, ndiyo maana hata Mwanzo 1:1 ya Union ina "mbingu na nchi" pale Habari Njema inaposema "mbingu na dunia". Akisikia "hata saa tisa" anachanganyikiwa zaidi, kwa kuwa "hata" anayoijua ni ya "hata mimi". Ya Union ni "mpaka". "Hata" hiyo hiyo, ikiwa na maana ya "kiasi kwamba", iko kwenye aya ambayo kila mmoja anaijua kwa moyo, Yohana 3:16: "jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe pekee". Wengi huikariri maisha yao yote bila kugundua kuwa hawajaisikia.

Lakini Union nayo ina mali ambayo tafsiri nyepesi huitumia vibaya au huipoteza. Inasema "Adamu akamjua Hawa mkewe". Tafsiri ya maana itakuambia wazi kwamba alilala naye. Kijana ataelewa mara moja, sawa. Ila mtu anayetaka kufuatilia neno "kujua" linavyotembea kutoka Mwanzo mpaka Hosea, kwa mume na mke na kwa Mungu na watu wake, uzi umekatwa mkononi mwake.

Sasa jaribio la kichwa cha ukurasa huu. Fungua Yohana 4:6, Yesu amekaa kisimani Samaria, amechoka. Saa ngapi? Kigiriki kinasema saa ya sita, na kilihesabu saa kuanzia macheo, sawasawa na Kiswahili, na sawasawa na ssaawa za Waganda. Kwa hiyo saa sita ni saa sita, jua la utosi, na ndiyo maana inashangaza kumwona mwanamke akija kuteka maji wakati huo. Wanaotafsiri kwa Kiingereza ndio wenye kazi ya kugeuza. Ukikuta kitabu au kijitabu cha Kiswahili kimeandika hapo "saa kumi na mbili", au Marko 15:33 giza limeisha "saa tatu alasiri", umemkamata mtafsiri: alikuwa anatazama Kiingereza, na hata hicho hakukigeuza vizuri. Jaribio hili huchukua dakika moja na halihitaji kujua Kigiriki.

La pili ni vipimo. Luka 24:13, kutoka Yerusalemu hadi Emau. Kigiriki kina stadia 60, na stadia moja ni kama meta 185, hivyo ni kilomita 11 na ushei. Union ikaandika "kama mwendo wa saa mbili". Si namba ya Kigiriki, lakini askari wa miguu anaielewa kuliko stadia yoyote. Tafsiri ikiacha "stadia 60" bila maelezo chini ya ukurasa, imekutupia kazi yake.

La tatu ni la masikio, na kwa kikundi chako ndilo kubwa. Zaburi 110:1 ya Union: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu". Herufi kubwa zinasimama badala ya jina la Mungu la herufi nne za Kiebrania. Herufi ndogo ni bwana wa kawaida, mwenye cheo. Jicho linaona, sikio haliwezi. Habari Njema huandika "Mwenyezi-Mungu" kwa lile jina, na msikilizaji aliye nyuma ya chumba hapotei.

Ushauri wetu: somo la kusikilizwa litoke Habari Njema, na Union ibaki mkononi mwa anayeongoza. Someni aya 10, si sura nzima. Mmoja asome, wa pili afunge kitabu na kusimulia kwa maneno yake, wewe ufuatilie kwenye Union. Penye kutofautiana, muulizeni mwenye Biblia ya Kiganda, ya Kiacholi au ya Kilugbara, kwa sababu lugha ya nyumbani haidanganyiki kirahisi. Mkumbuke pia kwamba hapa kwetu mwendo ulianza kinyume: kabla Injili haijapatikana kwa Kiganda, wasomaji wa kwanza wa Buganda, wale walioitwa basomi, walisoma sehemu za Injili kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Kiganda ilikuja 1896, na ndani yake bado kuna Enjiri na kitabo.

Nilinunua Biblia kwa ajili ya kigango chetu. Somo la Misa likawa kutoka Yoshua bin Sira, nikatafuta kitabu kizima sikukipata. Muuzaji anasema Biblia ni Biblia. – Katekista, Kasese

Baba Katekista, ulinunua yenye vitabu 66, yaani 39 vya Agano la Kale na 27 vya Jipya. Wakatoliki husoma 73. Vinavyokosekana ni Tobiti, Yudithi, Makabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na sehemu za Esta na Danieli.

Usihesabu vitabu dukani, utachoka. Fungua mwisho wa Danieli. Kikiishia sura ya 12, rudisha. Kikifika 14, chenye habari za Susana na za Beli, ndicho unachotaka. Angalizo moja: matoleo mengine huviweka vitabu hivyo pamoja katikati ya maagano mawili, kwa hiyo Danieli ikiishia 12 tazama pia baada ya Malaki kabla hujakata tamaa. Habari Njema ina toleo lenye vitabu vya deuterokanoni, yaani hivyo vinavyokosekana kwako. Jalada lake laweza kufanana sana na lile lisilo navyo, na hapo ndipo watu wengi huumia. Kisha geuza ukurasa wa jina la kitabu, utafute idhini ya askofu. Kwa somo la liturujia hiyo si mapambo.

Na zaburi zikikukorofisha, si wewe. Hesabu ya Kigiriki na Kilatini ya zamani iko nyuma ya Kiebrania kwa moja katika sehemu kubwa ya kitabu, hivyo "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 kwa wengine na ya 22 kwa wengine. Kitabu kizuri huandika zote mbili, moja ndani ya mabano.

Assalaam alaykum. Baada ya swala ya Ijumaa kina mama tunakaa darsa. Wengi hatujui Kiarabu cha kufahamu, tunasoma tu. Tunataka tarjama ya Kiswahili. Tumeona ya Sheikh Farsy, ya Barwani, na nyingine ya zamani ambayo namba za aya haziendani na msahafu wetu. – Mama wa darsa, Old Kampala

Wa alaykum salaam, mama. Umeandika "tarjama", na umefanya vema, maana neno "tafsiri" kwa Kiswahili linabeba mizigo miwili: kugeuza lugha, na kufafanua makusudio. Tarjama nyingi zetu zina yote mawili kwenye ukurasa mmoja, na kosa la wasomaji wengi ni kutoyatenganisha.

Hiyo ambayo namba zake zinapishana huenda ikawa ya Jumuiya ya Ahmadiyya, ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, iliyotoka Nairobi 1953. Waahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura iliyo nayo. Kwa hiyo Ayatul Kursiyyu, ambayo kwenye msahafu wenu ni Al-Baqara 255, kwao ni 256. Hapo pana kipimo chako cha dukani. Tofauti haiko kwenye namba peke yake: katika Aal Imran, aya ya 55 kwenye msahafu wenu, wao hufahamu kwamba Nabii Isa alikufa kifo cha kawaida, na Wasunni wengi hufahamu kwamba aliinuliwa akiwa hai. Mjue mnasoma ufahamu wa nani, basi. Iko na nyingine ya zamani zaidi, ya 1923, ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya Unguja. Hiyo ni ya mtafiti wa historia, si ya darsa.

Zinabaki mbili. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilikamilika 1969. Kiswahili chake ni cha Unguja, kimejaa, na sheikh huingia ndani ya aya kwa mabano akafafanua. Hapo ndipo wasomaji hujikwaa: maneno ya ndani ya mabano ni ya sheikh, si ya aya. Ya Ali Muhsin al-Barwani, ya 1995, iliyofuata Al-Muntakhab, kitabu cha ufafanuzi wa Qur'ani cha Misri, hutiririka zaidi na husomeka kwa sauti bila kukata pumzi. Kwa darsa yenu tungechukua Barwani ya kusoma na nakala moja au mbili za Farsy za kurejea.

Mkitaka kuzipima wenyewe, chukueni Al-Ikhlas aya ya pili. Neno *Assamad* halina mwenzake kwa Kiswahili: ni yule ambaye viumbe vyote humhitaji naye hahitaji chochote. Barwani ameandika "Mkusudiwa", neno moja. Ni zuri, ni fupi kama Kiarabu chenyewe, ila mama wa kawaida wa Kampala hatalielewa bila kuambiwa. Mtafsiri mwingine akitumia mstari mzima kulieleza, mtaelewa lakini mtapoteza ule ufupi unaoipa sura hiyo mpigo wake. Hakuna aliyekosea hapo. Tazameni tu kama kuna maelezo chini ya ukurasa.

Kisha Aal Imran aya ya 7, penye aya za wazi na zile zenye kufanana, ambazo maana yake si wazi. Kwa Kiarabu suala ni mahali pa kusimama. Ukisimama baada ya jina la Allah, maana ni kwamba hakuna ajuaye ufafanuzi wake ila Yeye. Ukiunganisha, waliobobea katika ilimu nao wanajua. Mtarjumi hana budi kuweka nukta mahali fulani, na nukta hiyo ni uamuzi wa kielimu. Tarjama inayokueleza kuwa kuna njia ya pili imekuheshimu.

Jambo la mwisho: epukeni nakala zenye Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini peke yake. Kiswahili kina *k* moja ya kuandikia sauti mbili. *Qalb* ni moyo, *kalb* ni mbwa, na mtu aliyejifunzia kwenye herufi hizo hana njia ya kujua anasema lipi. Kiarabu kiwepo kando ya Kiswahili, aya kwa aya, namba zikitazamana. Suala la udhu wa kushika nakala kama hiyo mpelekeeni sheikh wenu, kwa kuwa nakala yenye Kiarabu kamili na yenye Kiswahili kitupu wanazuoni hawaziweki daraja moja.

Mimi nasoma kwenye simu tu, vitabu ni bei. Kuna ubaya? – Mwanafunzi, Mbarara

Hakuna ubaya, mradi ujue unasoma nini. Programu nyingi huonyesha kifupi juu ya ukurasa: SUV ni Union, BHN ni Habari Njema. Kisipokuwepo, na jina la wachapishaji lisipokuwepo, iache. Maandishi mengine yamepigwa picha kutoka kitabu cha zamani, mashine ikayasoma, na hakuna aliyeyapitia. Utakuta "n" imegeuka "u" na mstari mzima umeruka. Mengine yametafsiriwa na mashine moja kwa moja, na haya hujitaja yenyewe kwa upatanisho wa kisarufi uliokosewa: "maneno yake ilikuwa", "watu hizo". Mtu mzima hawezi kuyakosea hayo kwa kurasa tatu mfululizo.

Simu ina tabia mbaya nyingine, ya kuficha maelezo ya chini. Fungua Mathayo 6:13. Katika Union iliyochapwa, maneno "Kwa kuwa ufalme ni wako" yamo ndani ya mabano ya mraba, ishara kwamba hayamo katika nakala za mkono zilizo kongwe zaidi. Simu yako ikiwa imeondoa mabano, itakuwa imeondoa na mengine.

Nafundisha Kiswahili sekondari, nina klabu ya wanafunzi 25. Nataka tusome *Wimbo wa Lawino* na mchezo mmoja wa Shakespeare kwa Kiswahili. Nitajuaje tafsiri hizi zinafaa? – Mwalimu, Gulu

Mwalimu, kwa Lawino uko mahali ambapo wengine wangelipa nauli kufika. Okot p'Bitek alilitunga shairi hilo, malalamiko ya mke wa Kiacholi aitwaye Lawino, kwa Kiacholi, akaligeuza Kiingereza mwenyewe, na Kiingereza kikatangulia kuchapwa, 1966. Kiacholi kikafuata 1969. Ya Kiswahili, ya Paul Sozigwa, ni ya 1975. Kwa tafsiri yoyote ya shairi hili swali la kwanza ni: imetoka mto gani? Tazama utangulizi na ukurasa wa hakimiliki. Tafsiri ya tafsiri si dhambi, ila Okot mwenyewe alikiri kwamba katika Kiingereza alimkata tai mabawa kidogo na kuutia kutu upanga wa shujaa, na kwamba mapigo na vina viliuawa. Anayefuata Kiingereza anampokea tai huyo akiwa tayari hana mabawa yote. Mwaka 2001 Taban lo Liyong alitoa Kiingereza kipya akirudi kwenye Kiacholi, na wanafunzi wako wakubwa wanaweza kulinganisha.

Zoezi lenyewe lifanye kwa dakika 40. Chagua kipande cha mistari 12. Mwanafunzi anayezungumza Kiacholi vizuri akisome kwa Kiacholi, wengine wagonge meza kufuata mpigo. Kisha Kiswahili, meza zigongwe tena. Patakapovunjika, simamisheni. Halafu pelekeni macho kwenye boga, ile methali ya boga la kwenye mji wa zamani lisilofaa kung'olewa, yaani mila za wazee zisibomolewe. Waulizeni wasio Waacholi wamefahamu nini. Atakayesema "ni habari za kilimo" amekuonyesha kuwa neno limevuka mpaka bila mzigo wake. Hapo tafsiri ilihitaji maelezo, au msomaji alihitaji mwalimu, na bahati nzuri upo. Msikimbilie kuweka methali ya pwani badala yake. Boga likitoka, Lawino naye anatoka.

Kwa Shakespeare kuna Nyerere. *Julius Caesar* yake ilitoka 1963, akaipitia upya ikawa *Juliasi Kaizari* mwaka 1969, na mwaka huo huo *Mabepari wa Venisi*. Sisi tungeanza na Kaizari. Mabepari ina utata tangu jalada: asilia inamtaja mfanyabiashara mmoja, Nyerere akaandika wengi, na akawaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hilo ni somo tamu la kipindi kizima kuhusu mtafsiri na siasa za wakati wake, lakini lifundishe kama hilo, usilipitishe kimya kana kwamba ndivyo Mwingereza alivyosema.

Wanafunzi watalalamika kwamba Kaizari "haina vina". Waambie hata asilia sehemu kubwa haina. Mistari ina mpigo bila vina, na Nyerere alijaribu kuulinda mpigo huo. Kipimo cha mchezo ni kinywa. Gawa hotuba ya Antonio mbele ya maiti, tendo la 3 onyesho la 2, mistari mitano kwa kila mtu, wasome wakiwa wamesimama. Mstari unaomlazimu mwanafunzi mzima wa mapafu kupumua mara mbili uweke alama ya penseli. Alama zikizidi moja katika kila mistari kumi, hiyo ni tafsiri ya kusoma ukiwa umekaa.

Tumetoka Kivu. Biblia yetu ni ya Kiswahili cha Kongo, na wenzetu wa hapa wanaicheka. Tuiache? – Mzee wa kanisa, Nakivale

Msiiache, mzee. Tafsiri hupimwa kwa watu inaowasemesha, na hiyo iliandikwa kwa ajili yenu. Wenye kucheka wangepewa Kiswahili cha Unguja cha 1891 wasingefika ukurasa wa pili. Nyumbani na kwenye maombi yenu someni hiyo. Mkikusanyika na Waganda, Wanyankole na Wasudani kwenye ibada moja, Habari Njema itawafikia wengi, na mtoto anayesoma shule ya Uganda atakutana na Kiswahili hicho hicho kwenye mtihani. Msomaji wenu apewe sehemu yake jioni moja kabla, aisome mara tatu kwa sauti. Kicheko kingi hutoka kwenye kukwama.

Kikundi chetu kimechanga, tunanunua nakala 30 kwa mpigo. Tafsiri tumeshachagua. Tuangalie nini tena? – Mweka hazina, Jinja

Uzi. Fungua kitabu katikati ya mkunjo mmoja wa karatasi. Ukiona uzi mweupe unapita, kimeshonwa. Usipouona popote, kimegundishwa kwa gundi tupu, na gundi hiyo ikikaa dirishani kwenye jua miezi michache hupasuka, kurasa zikaanza kutoka mojamoja, kwa kawaida Zaburi kwanza, kwa sababu ziko katikati na hufunguliwa zaidi. Kwa kitabu kitakachopita mikononi mwa watu 30, kilichoshonwa kina thamani ya bei yake hata ikizidi kwa theluthi.

Herufi: pointi 8 ni ya vijana wenye umeme. Mkiwa na wazee, au mkisoma kwa taa ya sola, tafuteni 10 au 11, mkubali kitabu kinene. Karatasi za Biblia ni nyembamba, gramu 30 hadi 40 hivi kwa meta ya mraba. Wekeni kiganja nyuma ya ukurasa mmoja, na kama mistari ya upande wa pili inasomeka kupita herufi za upande huu, macho yatauma baada ya robo saa.

Kisha mikunjo iliyokosekana. Kitabu hufungwa kwa vifurushi vya kurasa 16 au 32, na kosa la kiwandani huwa ni kifurushi kilichorukwa au kilichowekwa mara mbili. Msipekue kila ukurasa wa nakala zote 30. Nakala tatu zipitieni namba za kurasa mwanzo hadi mwisho. Zikiwa na kosa mahali fulani, tazameni mahali hapo hapo kwenye zilizobaki, maana makosa ya namna hii huja kwa mkumbo. Fanyeni hivyo dukani, risiti ikiwa bado haijaandikwa. Chama cha Biblia kule Kampala na maduka makubwa ya vitabu mtayakuta mkirudi. Anayeuza barabarani kesho hamtamkuta alipokuwa.

Na mchwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Biblia ya Kiganda ilichapwa fupi na nene makusudi iingie kwenye kopo la biskuti, mchwa wasiifikie. Rafu ya mbao iliyoegemea ukuta wa udongo ndiyo njia yao hadi leo. Iwekeni umbali wa kiganja kutoka ukutani, miguu yake ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, na mtu mmoja apewe kazi ya kuyatazama kila wiki mbili wakati wa mvua.